Kupima kasi ya ujumbe wa neva kwa duara la watu: mwongozo kamili, na kwa nini wengi hupata mita 9

Kila nikilitaja jaribio hili, majibu yanayonirudia ni yaleyale: mita 8 kwa sekunde, mita 9, mita 11. Mmoja aliniandikia kwamba kundi lake limepata 7, akauliza kama vijana wake wana tatizo la neva. Hawana. Neva zao ni nzima, hesabu ndiyo mgonjwa.

Hesabu inakosewa kwa sababu watu wanaruka hatua ya kuchora. Hawajui ujumbe unapita kwenye seli ngapi, wala unakawia wapi. Kwa hiyo hapa tutaanza na mchoro wa seli ya neva, ndipo tukae kwenye mkeka tuminyane mabega. Nani aligundua nini mwaka gani, hilo naliacha. Halitakusaidia kupata jibu.

Jaribio lenyewe ni hivi. Watu wanakaa duara wamefumba macho. Wa kwanza anamminya jirani yake begani, jirani akihisi tu anamminya anayefuata, mpaka mminyo unazunguka na kurudi. Muda unapimwa. Kisha zoezi linarudiwa, safari hii wakiminyana kifundo cha mguu. Mzunguko wa mguu huchelewa kidogo. Ule uchelewaji mdogo ndio tunaoutafuta.

## Vitu vya kuandaa

- Watu 12 hadi 20. Chini ya 10 usijaribu: mzunguko unakuwa mfupi, watu wanashika mdundo kama wa ngoma, wanaanza kuminya kabla hawajaminywa.
- Simu moja yenye stopwochi.
- Tepu ya fundi cherehani, ile ya sentimita 150. Kwa watu warefu ongeza kipande cha uzi.
- Mikeka au majamvi. Hii si anasa. Sakafu tupu ya simenti inapoza miguu, na neva iliyopoa inapunguza mwendo kwa karibu mita 2 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya selsiasi.
- Daftari, penseli na kikokotoo (cha simu kinatosha).
- Chumba kimya. Mtu akisikia jirani anacheka au bangili zinalia, masikio yatamwambia kabla ya ngozi.

Tahadhari kabla ya kuita watu. Aliyeteguka mguu asikae kwenye duara. Vilevile mwenye kisukari ambaye miguu yake inakufa ganzi: hataumia, lakini neva zake za miguuni zinaweza kuwa zimeathirika na zitavuruga matokeo ya wote. Na kuna wasiopenda kuguswa, au wasiopendezwa na mvulana na msichana kushikana miguu. Uliza mapema, mbele ya watu usiulize. Mimi hutenga duara la wasichana na duara la wavulana, na asiyetaka anakuwa mwandishi wa muda. Kazi ya mwandishi ni kubwa, si adhabu.

## Hatua ya 1: Chora njia ya ujumbe

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi, na usione uvivu. Chukua ukurasa mzima wa daftari.

Mchoro ambao karibu kila mtu anaukumbuka ni wa nyuroni (seli ya neva) inayoamuru misuli: kichwa chenye miiba kama nyota upande mmoja, mkia mrefu, na vidole mwishoni. Huo si wa njia ya kwenda. Mtu anapominywa kifundo cha mguu, ujumbe unapanda kwa nyuroni ya hisia, na umbo lake ni jingine.

Ichore hivi, kwa mpangilio huu:

(a) Mstari mrefu. Anzia chini ya ukurasa, andika "ngozi ya kifundo cha mguu". Panda juu mpaka karibu na kilele, andika "shina la ubongo", yaani sehemu ya chini ya ubongo inayoungana na uti wa mgongo. Mstari huo ni aksoni. Vitabu vya shule vingine huita dendroni kipande cha kutoka ngozini. Ita utakavyo, ila kwa kazi yetu ni waya mmoja usiokatika.

(b) Mwili wa seli. Usiuweke mwishoni. Usiuweke katikati ya mstari. Uchore pembeni, umening'inia kwa kikonyo kifupi kama embe, mahali unapoandika "kando ya uti wa mgongo, kiunoni". Ndani yake chora kiini. Humo ndimo protini za seli nzima zinamotengenezwa na kusafirishwa hadi ncha zote mbili. Ujumbe wa mminyo hauhitaji kuingia humo kupumzika; unapita njia kuu.

(c) Ala ya mayelini. Zungushia mstari vipande vya soseji, kimoja kwa kimoja, ukiacha pengo dogo kila baada ya kipande. Kila kipande mguuni ni seli ya Schwann iliyojiviringisha mara nyingi kwenye aksoni kama mtu anayefunga bendeji. Ndani ya uti wa mgongo kazi hiyo inafanywa na seli za aina nyingine, oligodendrosaiti. Mapengo hayo ndiyo mapengo ya Ranvier. Kosa ninaloliona sana: watu wanaelekeza mshale kwenye soseji na kuandika "aksoni". Aksoni ni uzi wa ndani. Soseji ni mafuta na protini za seli nyingine kabisa.

(d) Ncha za juu. Kwenye shina la ubongo mstari unagawanyika kuwa vitawi vyenye vifundo vidogo. Mbele yake acha nafasi nyeupe, halafu ndipo uanze nyuroni ya pili. Nafasi hiyo ni sinapsi, na upana wake halisi ni kama nanomita 20. Seli hizi mbili hazigusani. Ncha ya kwanza inamwaga kemikali, kemikali inavuka, nyuroni ya pili inaipokea kwenye dendraiti zake, yaani vitawi vyake vya kupokelea. Kuvuka huko kunakula karibu nusu ya milisekunde.

(e) Zilizobaki. Nyuroni ya pili inakwenda thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo; ya tatu inafika gamba la ubongo, tabaka lake la juu. Hapo ndipo mtu "anahisi". Mbele ya hapo weka wingu, uandike "ubongo unaamua". Kutoka kwenye wingu teremsha njia ya kurudi: nyuroni inayoshuka hadi uti wa mgongo wa shingoni, sinapsi, kisha nyuroni ya misuli (ndiyo ile ya nyota na mkia) mpaka mkononi.

Sasa chora njia ya pili pembeni, inayoanzia begani. Iko vilevile, isipokuwa mwili wa seli uko kando ya shingo na mstari wa kwanza ni mfupi.

Tazama michoro miwili kwa makini, maana kila kitu kiko hapa. Ujumbe wa begani na wa mguuni unapita idadi ileile ya sinapsi. Wingu ni lilelile. Njia ya kurudi mkononi ni ileile. Kilichotofautiana ni urefu wa aksoni ya kwanza peke yake. Neva ya mguuni haibadilishi gari kiunoni, ingawa wengi wanadhani hivyo: aksoni moja inatoka kwenye ngozi ya mguu na kufika shina la ubongo bila sinapsi hata moja njiani. Kwa mtu mzima hiyo ni seli moja yenye urefu unaokaribia mita moja na nusu. Unene wake ni kama maikromita 10 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ukiikuza iwe nene kama mpira wa kumwagilia maua wa sentimita moja, urefu wake utakuwa zaidi ya kilomita moja.

*Utajua umefaulu* kama unaweza kuweka kidole kwenye kifundo cha mguu na kukipandisha hadi shina la ubongo bila kukinyanyua, kisha ukinyanyue mara ya kwanza kwenye sinapsi.

### Kwa nini kuna kasi ya kupima

Mtu akiambiwa neva zinapeleka "umeme", anafikiria waya wa taa, na kwenye waya wa shaba ishara inakwenda kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Kwenye aksoni hakuna mkondo unaotiririka toka mguuni hadi kichwani.

Neva ikiwa imetulia, ndani ya utando wa aksoni kuna chaji hasi ya kama milivolti 70 ikilinganishwa na nje. Sodiamu imejaa nje, potasiamu imejaa ndani. Pampu za kwenye utando zinalinda hali hiyo: zinatoa ayoni (chembe zenye chaji) 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, tena na tena, na zinakula nishati. Mminyo unapofungua milango ya sodiamu kiasi cha kutosha, sodiamu inaingia kwa kishindo, ndani panageuka kuwa chanya kwa muda mfupi sana, kisha potasiamu inatoka na hali inarudi. Pahali pamoja, yote hayo yanaisha ndani ya milisekunde moja au mbili. Mshtuko huo unafungua milango ya pahali panapofuata.

Fikiria saidia fundi wanaopokezana matofali. Kila mmoja anatumia nguvu zake mwenyewe, ndiyo maana tofali la mwisho lina uzito uleule wa la kwanza: ujumbe wa neva haufifii njiani, na mminyo mkali hauleti tofali kubwa zaidi, unaleta matofali mengi zaidi. Sasa, wakisimama bega kwa bega na kupeana mkononi, kazi inakwenda polepole. Wakisimama mbalimbali na kurushiana, kazi inakimbia. Mayelini ndiyo inayowaweka mbalimbali: milango ya sodiamu imejazana kwenye mapengo, na ujumbe unaruka pengo hadi pengo. Kwa pengo moja kila milimita moja hivi, kutoka mguuni hadi shina la ubongo yanazidi elfu moja.

Neva zisizo na mayelini unazo pia. Ukijikwaa kidole gizani, kwanza unahisi umegonga kitu, na unapata hata nafasi ya kuwaza "sasa hivi inakuja". Kweli inakuja: yale maumivu mazito ya kuungua yanapanda kwa aksoni nyembamba zisizo na mayelini, mwendo wa mita moja hivi kwa sekunde.

## Hatua ya 2: Panga duara

Wote wakae chini wakitazama katikati, bega kwa bega, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga mkeka. Mkono wa kulia wa kila mtu uweze kufikia bega la kushoto na kifundo cha mguu wa kushoto cha jirani wa kulia bila kuinama sana.

Kaa mkao huu kwa raundi zote mbili. Wengi wanasimama kwa ajili ya bega na kukaa kwa ajili ya mguu. Hapo umebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, na hujui tena umepima nini.

Kila mtu aminye kwa mkono wa kulia, vidole vikiwa tayari vimegusa mahali pa kuminya. Mguuni, shika juu kidogo ya mfupa unaochomoza, pande zote mbili. Mminyo uwe kama wa kupima embe kama limeiva: wa haraka, unaohisika vizuri, usioumiza. Soksi na viatu vivuliwe.

Mshika simu naye yuko ndani ya duara. Anashika simu kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kwenye kitufe. Usimweke nje akitazama, kwa sababu macho yake na kidole chake vitaongeza muda wao juu ya muda wa duara.

*Utajua umefaulu* kama wote wamefumba macho na kila mtu anajua bila kuuliza amshike nani.

## Hatua ya 3: Pima urefu wa ziada

Unatafuta urefu mmoja tu: urefu wa njia ya mguu ukitoa urefu wa njia ya bega.

1. Msimamishe mtu. Pima toka pale atakapominywa mguuni, panda nyuma ya mguu, kalio, mgongo, mpaka kwenye kishimo cha kisogo ambapo fuvu linaanza.
2. Pima toka juu ya bega, ingia shingoni, panda hadi kishimo kilekile.
3. Toa cha pili kwenye cha kwanza.

Kwa mtu wa sentimita 165, tarajia kama 138 kwa mguu na 23 kwa bega. Tofauti ni 115, yaani mita 1.15. Pima watu watano au sita wa kimo tofauti na uchukue wastani. Kupima wote ni kupoteza asubuhi.

Tahadhari: usipime mkono. Kila mwaka kuna anayeongeza urefu wa mkono "kwa sababu ujumbe unafika hadi vidoleni". Ni kweli unafika, lakini unafika raundi zote mbili, kwa hiyo unajifuta wenyewe.

## Hatua ya 4: Raundi za kujizoeza

Mshika simu aminye na kubonyeza stopwochi kwa wakati mmoja. Mminyo uzunguke mara 3 bila kusimama. Mizunguko miwili ya kwanza ukimfikia anaupeleka kwa mkono wa kulia kama wengine. Wa tatu ukimfikia anabonyeza simu kwa gumba la kushoto. Kama mko 10 hadi 13, zungusheni mara 5.

Fanyeni raundi tano za bega na tano za mguu, na msizihesabu. Muda utashuka sana mwanzoni, kwa sababu watu wanajifunza. Ukianza kuandika mapema, bega likatangulia, mguu utaonekana una kasi kuliko bega na utapata jibu hasi. Nililipata mimi mwenyewe mara ya kwanza, mbele ya darasa zima, nikasema ni "makosa ya vipimo" na kubadilisha mada. Kijana mmoja wa nyuma alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

*Utajua umefaulu* kama raundi tatu zinazofuatana hazitofautiani kwa zaidi ya nusu sekunde. Mtu wa kawaida hutumia karibu robo ya sekunde, au pungufu kidogo, kati ya kuminywa na kuminya. Duara la watu 18 kwa mizunguko 3 litakupa sekunde 12 au 13 hivi. Ukiona 20, kuna mtu amesinzia au anafikiria jambo lingine.

## Hatua ya 5: Pima kwa kupishanisha

Fuata mpangilio huu bila kuubadilisha:

bega, mguu, mguu, bega, mguu, bega, bega, mguu.

Sababu: watu wanaendelea kuzoea, na baadaye wanachoka. Mpangilio huu unagawa mazoea na uchovu sawasawa kwa pande zote mbili. Kufanya bega zote kwanza ndiko kunakoua majaribio mengi.

Raundi ikiharibika (mtu amecheka, mminyo umepotea, mtu kaminya bila kuminywa), ifute yote na irudieni palepale. Usiitengeneze kwa kukisia. Mshika simu akae kimya kwa muda usiotabirika kabla ya kuanza, mara sekunde 3, mara 9, asije akatangaza "haya, tunaanza".

Mwandishi asisome muda kwa sauti mpaka mwisho. Watu wakisikia kwamba mguu umechelewa, wataukimbiza.

## Hatua ya 6: Hesabu

Tuchukue mfano wa watu 18, mizunguko 3, urefu wa ziada mita 1.15.

Idadi ya miitikio. 18 × 3 = 54. Mshika simu alianza bila kuminywa, lakini alimaliza kwa kuitikia, kwa hiyo hakuna wa kuongeza wala kupunguza.

Muda wa bega: 12.9, 12.5, 12.3, 12.2. Panga, chukua miwili ya katikati, tafuta wastani: (12.3 + 12.5) ÷ 2 = sekunde 12.4.

Muda wa mguu: 14.2, 14.0, 13.8, 13.6. Vilevile: (13.8 + 14.0) ÷ 2 = sekunde 13.9.

Tofauti: 13.9 − 12.4 = sekunde 1.5 kwa miitikio yote.

Kwa mtu mmoja: 1.5 ÷ 54 = sekunde 0.0278.

Kasi: 1.15 ÷ 0.0278 = mita 41 kwa sekunde.

Sasa nikuonyeshe wanaopata 9 wanafanya nini. Wanachukua muda wa mguu, 13.9, wanagawa kwa 54, wanapata sekunde 0.257 kwa mtu. Wanajumlisha urefu wa mguu hadi kisogo na kisogo hadi mkono, mita 2.35 hivi. Wanagawa: 2.35 ÷ 0.257 = 9.1. Hesabu ya kugawa iko sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba ndani ya ile robo sekunde wamelipa neva deni lisilo lake.

Angalia mwenyewe robo sekunde inakwenda wapi, kwa raundi ya bega, ambapo kila mtu ametumia 12.4 ÷ 54 = sekunde 0.23. Kupanda toka begani, sentimita 23 kwa mwendo wa mita 41, ni sekunde 0.006. Kushuka toka ubongoni hadi mkononi ni kama sekunde 0.02. Misuli nayo inachukua muda wake kujikaza mpaka jirani ahisi. Kinachobaki, ambacho ni sehemu kubwa, kimeliwa na wingu ulilolichora: sinapsi juu ya sinapsi, nyuroni zikishauriana kama huu ni mminyo kweli au ni nzi, na nini kifanyike. Nyaya zina mbio. Kinachokawia ni baraza.

Kutoa bega kwenye mguu kunaliondoa baraza lote, kwa kuwa limekaa mara zote mbili. Ndiyo maana tulichora.

## Hatua ya 7: Soma jibu lako

Mita 20 hadi 75. Umefaulu. Aksoni za mguso zenye mayelini husafiri kati ya mita 35 na 75 kwa sekunde zikipimwa kwa vifaa vya hospitali. Duara la watu kwenye mkeka likikupa 30 au 65, shukuru.

Chini ya 15. Karibu hakika hukutoa. Rudi Hatua ya 6. Kama ulitoa, angalia miguu ilikuwa ya baridi, au watu walipata shida kufika mguuni wakawa wanachelewa kwa kujinyoosha.

Zaidi ya 100. Tofauti yako ya muda ni ndogo mno. Huenda kuna mtu anabahatisha mguuni, au mguuni mnaminya kwa nguvu zaidi ya begani. Watu wachache na mizunguko michache pia huleta hili: tofauti halisi inamezwa na makosa ya kidole cha stopwochi.

Hasi. Hukujizoeza vya kutosha, au hukupishanisha.

"Lakini kitabu kinasema 120." Hiyo 120 ni ya aksoni nene kuliko zote, zile zinazotoka kwenye misuli na kuamuru misuli. Ni rekodi ya mwanariadha, na wewe umepima mwendo wa mfanyakazi wa kawaida. Kwenye mtihani ukiulizwa kasi ya neva, taja ni neva ipi.

## Hatua ya 8: Toka kwenye kasi, upate unene

Hii ni ya ziada, lakini ndiyo inayonipendeza kuliko zote, kwa sababu inakupa kipimo cha kitu ambacho hakuna aliyekiona chumbani.

Kwa aksoni nene zenye mayelini, kasi inapanda sambamba na unene: kila maikromita moja ya kipenyo, ukihesabu na ala yake, inaleta takribani mita 6 kwa sekunde. Kwa hiyo gawa jibu lako kwa 6.

41 ÷ 6 = kama maikromita 7.

Ng'oa unywele mmoja. Unene wake uko karibu na maikromita 70. Aksoni ulizozipima, zikiwa zimevaa mayelini yake, ni kama sehemu moja ya kumi ya hapo. Andika namba hiyo kwenye mchoro wa Hatua ya 1, pembeni mwa soseji, pamoja na urefu uliopima kwa tepu, halafu ubandike unywele kwa gundi kando yake.